Begi Linalokula Kuliko Mbuzi



Ndugu msomaji, likizo ndefu iliyopita nilipangiwa kufanya utume katika kigango kimoja cha kijijini, kama ilivyo desturi kwa mafrateri wa mwaka wetu. Jumapili ya pili baada ya kufika, Katekista alinipa karatasi ya matangazo niisome baada ya Komunyo. Tangazo la nne lilihusu ujio wa watafiti wa maji. Kaya 40 zingechaguliwa, kila kaya ingepewa begi lenye vifaa, na kwa muda wa siku 30 wenye kaya wangeandika habari za maji wanayokunywa: wameyachota wapi, wameyachemsha au la, nani ameharisha. Nilisoma kwa sauti ya kujiamini. Kisha nikaongeza la kwangu ambalo halikuwamo kwenye karatasi, kwamba jambo hili ni jema na tuwape wageni wetu ushirikiano. Waamini wakapiga makofi.

Ninaandika makala hii kwa sababu ya ile sentensi niliyoiongeza.

Begi lenyewe lilikuwa la bluu, lenye zipu mbili na maandishi ya Kiingereza mgongoni. Ndani mlikuwa na simu ya kupangusa pamoja na chaja yake, chupa ndogo sita zenye vibandiko, kijitabu, kalamu, na maelekezo ya kurasa nne. Lazima niwatendee haki waliolitengeneza: walijitahidi. Chupa hazikuvuja, zipu ilikuwa imara, na Kiswahili cha maelekezo kilikuwa sahihi, ingawa kilinukia ofisi. Lilikuwa jepesi kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili angeweza kulibeba. Siku ya kuyagawa nilisimama pembeni nikiwa na orodha, nikifurahi kuona jinsi teknolojia inavyoweza kuingia hata mahali ambapo gari la Paroko hukwama.

Siku ya 18 ya zoezi nilipita kumjulia hali mama mmoja mjane, mwana jumuiya, anayelea wajukuu watatu. Begi lilikuwa limetundikwa msumarini, jirani na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nilipomuuliza zoezi linaendeleaje alicheka kwanza.

"Frateri, mwanangu," akasema, "lile begi lenu linakula kuliko mbuzi."

Nikamwomba anieleze. Kijijini kwao umeme haujafika. Simu inachajiwa dukani, senti kijijini, kwa shilingi 300. Programu iliyowekwa ndani ya simu ile ilikuwa inamaliza chaji kwa siku moja na nusu. Kwa siku 18 alikuwa amekwishachaji mara 12, yaani shilingi 3,600, na kila safari ni nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, ukiacha kungoja. Mpaka siku ya 30 ingefika shilingi 6,000 na saa 20 za kutembea kwa miguu. Zawadi iliyoahidiwa ni mche mmoja wa sabuni na fulana yenye nembo ya mradi.

"Mbuzi akila," akaongeza, "siku moja na mimi nitamla."

Tulicheka wote, lakini mimi kicheko kiliniishia njiani. Alinieleza mengine. Fomu ilitakiwa kujazwa kila usiku, kwa sababu ndipo siku imekamilika. Usiku huo yeye huwa ametoka shambani, amepika, amewalaza watoto, na mwanga pekee wa kusomea ni wa ile ile simu, nao unakula chaji. Maelekezo yalitaka picha ya ndoo ya maji ya kunywa mahali inapokaa. Ndoo yake inakaa chumbani, pembeni ya kitanda anacholala na wajukuu, kwa kuwa nyumba ina chumba kimoja na sebule inayolala kuku. Hakutaka watu asiowajua waone kitanda chake. Kwa hiyo kila jioni aliitoa ndoo uani, akaipiga picha, akairudisha ndani. Watafiti huko waliko walikuwa wanapokea picha 30 za ndoo iliyokaa uani kwenye jua la jioni, na bila shaka mtu ameandika mahali fulani kwamba kaya hii huhifadhi maji nje.

Mambo ya majirani sitayaeleza kwa kirefu. Begi la bluu lilionekana kutoka mbali, nyumba zilizolipata zikajulikana, na haikuchukua wiki moja kabla ya maneno ya mumiani kuanza kupita kisimani. Hilo lingeepukwa kwa mfuko wa kawaida wa sokoni.

Nilipoinuka kuondoka aliniuliza swali ambalo sijalijibu mpaka leo: "Sasa Frateri, maji yangu ni mazima?" Chupa zote sita alizijaza na kuzirudisha kama alivyoelekezwa. Kijana wa bodaboda alizichukua kwenye sanduku la barafu. Jibu halikuja. Nimerudi seminarini, nimefanya mitihani, na halijaja.

Darasani tunafundishwa visababishi vinne vya Aristotle, na ninakiri kwamba niliviona kama kitu cha kukariri kwa ajili ya mtihani wa metafizikia. Begi lile lilinifanya nivifungue upya. Kisababishi cha maada, yaani kimetengenezwa kwa nini, watengenezaji walikizingatia: plastiki nyepesi, bei nafuu. Umbo lake walilizingatia pia. Lakini ukiuliza begi hili lipo kwa ajili ya nini, na hasa kwa ajili ya nani, jibu ni kwamba lilikusudiwa kutoa habari nyumbani mwa mama na kuzipeleka kwingine. Lilibebeka vizuri sana kwenye gari la mradi. Uzito wake ulianza pale liliposhushwa.

Tunaposema kifaa cha utafiti kimesanifiwa kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo, kwa kawaida tunamaanisha kwamba kimemgharimu kidogo mwenye mradi. Mshiriki anatozwa kwa sarafu nyingine: chaji, bando, nusu saa ya miguu, usingizi, aibu ya kitanda chake. Hesabu hiyo haimo katika bajeti yoyote kwa sababu hakuna anayeitolea risiti. Bwana Yesu alikaa mkabala na sanduku la hazina akatazama nani anatoa nini, na alijua kwamba senti mbili za mjane hazipimwi kwa kiwango kile kile cha matajiri. Wasanifu wa vifaa wangepaswa kukaa hapo alipokaa.

Wapo waliokaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mmarekani, Robert Guthrie, alianzisha njia ya kuwapima watoto wachanga ugonjwa wa kurithi kwa kuchukua matone ya damu ya kisigino na kuyakausha kwenye karatasi nene ya kunyonya. Karatasi ikishakauka haihitaji jokofu, inatiwa kwenye bahasha na kwenda kwa posta. Wengi wa akina mama wanaosoma makala hii katika parokia zetu wanaifahamu, ingawa hawalijui jina la Guthrie, kwa maana ndiyo njia iliyotumika katika zahanati za Tanzania, Kenya na Uganda kupima kama mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi ameambukizwa. Mzigo wote wa teknolojia ulibaki maabara. Kwa mama lilibaki tone.

Mfano wa pili unanifurahisha zaidi. Ili kujua kama maji yana vijidudu vya kinyesi, sampuli inapaswa kukaa kwenye joto linalokaribia la mwili kwa siku moja au mbili. Maabara hutumia mashine ya umeme. Katika tafiti za kaya zinazosaidiwa na UNICEF ulibuniwa mkanda ambao mdodosaji anajifunga kiunoni, na sampuli zinalelewa na joto la mwili wake mwenyewe anapotembea na anapolala. Fikiri hilo, ndugu msomaji. Umeme ulipokosekana, aliyeubeba mzigo ni mtafiti. Mimi naona katika mkanda ule maadili ya utafiti yaliyoshonwa kwa uzi.

Na hapa kwetu kila mtoto amewahi kutoboa kizibo cha soda matundu mawili, akapitisha uzi, akavuta huku na huku mpaka kizibo kikavuma. Mwaka 2017 timu ya Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford ilitangaza kifaa cha karatasi na uzi kinachofuata mchezo huo huo. Kinazunguka hadi mizunguko 125,000 kwa dakika, kinatenganisha damu na majimaji yake kwa dakika moja na nusu, na gharama yake ni takriban senti 20 za Kimarekani. Prakash anasimulia kwamba wazo lilianzia Uganda, kwenye kituo cha afya alikokuta mashine ya umeme ya kuzungushia damu imegeuzwa kizuizi cha mlango. Mashine ile bila shaka ilitolewa na mtu mwenye nia njema. Pengine alipigiwa makofi, kama mimi.

Mwenzangu mmoja wa darasa, ambaye tunabishana mpaka kengele ya Masifu ya Jioni, alinipinga vikali niliposimulia haya mezani. Hoja yake ni nzito na siwezi kuipita. Anasema kifaa rahisi mara nyingi ni kifaa dhaifu, na kumpa maskini kifaa dhaifu kwa jina la huruma ni kumdharau mara ya pili. Ukweli, anasema, hauna toleo la bei nafuu.

Ushahidi upo, tena upo kwetu. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Pemba, ambapo watafiti waliigeuza simu kuwa hadubini kwa kubandika lenzi ndogo ya mviringo ya dola 8 kwenye kamera, kwa gundi ya utepe, na kumulika kwa tochi. Walichunguza sampuli 199 za choo cha watoto wakitafuta mayai ya minyoo. Ile minyoo mikubwa ya mviringo waliibaini kwa asilimia 81. Minyoo ya safura, ambayo ndiyo inayonyonya damu, waliibaini kwa asilimia 14 tu. Maana yake ni kwamba kati ya watoto 100 wenye safura, 86 wangeambiwa hawana kitu. Kwa mtoto aliyepauka kwa kupungukiwa damu hilo si kosa dogo.

Kwa hiyo mwenzangu ana haki nusu. Lakini tazama waliofanya utafiti ule walivyotenda: waliichapisha ile 14 kama ilivyo, pembeni ya 81, wala hawakumkabidhi mtu simu ile na kumwambia sasa una maabara. Udhaifu wa kifaa ukitajwa wazi, mtu mzima anaweza kuamua akitumie kwa kiasi gani. Nisilolikubali ni ile dhana iliyofichika katika hoja yake kwamba kifaa kizito kinaleta ukweli. Simu ya begi la bluu ilikuwa na kamera nzuri kuliko yoyote iliyowahi kufika kijijini pale, na ilileta picha 30 safi za ndoo iliyowekwa mahali isipokaa. Ubora wa lenzi haukusaidia kitu, kwa sababu aliyeishika alikuwa na sababu ya haki ya kuficha.

Hapa ndipo Mafundisho Jamii ya Kanisa yananisaidia. Papa Pio XI, katika Waraka wa Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alifafanua kanuni ya auni: lile ambalo mtu au kikundi kidogo kinaweza kulifanya chenyewe, kikundi kikubwa kisilinyakue. Tumezoea kuitumia kanuni hii tunapozungumzia serikali na familia. Ihamishie kwenye begi. Ni lipi ambalo mama yule angeweza kulifanya mwenyewe nasi tukalinyakua?

Angeweza kusoma majibu. Tangu mwaka 1982 ipo njia iliyotangazwa na watafiti wa India, Manja na wenzake: chupa yenye kipande cha karatasi kilichotiwa dawa. Unaijaza maji, unaifunika, unaiacha kwenye joto la kawaida la chumba. Maji yenye vijidudu vya kinyesi huigeuza chupa kuwa nyeusi, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Haihitaji simu, haihitaji barafu wala kusoma. Ina kasoro zake, kwani maji ya baadhi ya visima yana salfa ya asili na yanaweza kutia weusi bila kinyesi chochote, kwa hiyo haitoshi kumaliza utafiti. Lakini kama kwenye lile begi kungekuwa na chupa mbili tu za namna hiyo kwa ajili ya mama mwenyewe, mbali na zile sita za maabara, asingeniuliza swali lile. Angeiona chupa dirishani asubuhi, na siku hiyo hiyo angejua kama anapaswa kutafuta kuni za ziada.

Wenye ujuzi wa kusoma nao wasidhani ndio pekee wanaoweza kuongoza utafiti. Katika misitu ya Kongo-Brazzaville, watafiti wa Chuo Kikuu cha London, University College, wamefanya kazi na wawindaji wa jamii ya Mbendjele kwa vifaa vyenye picha tupu badala ya maandishi. Mtu anagusa picha ya mti, kisha picha ya kinachoufanya uwe wa thamani, na kifaa kinanakili mahali aliposimama. Kwa njia hiyo wameonyesha miti ambayo hawataki kampuni ya mbao iiguse. Picha zenyewe zilitafutwa pamoja nao na kurekebishwa kila zilipowachanganya. Swali la utafiti lilikuwa swali lao pia.

Oktoba 2024 Chama cha Madaktari Duniani kililifanyia marekebisho Tamko la Helsinki, lile la mwaka 1964 linalosimamia maadili ya utafiti wa kitabibu kwa binadamu, na popote palipokuwa na neno linalomaanisha mtu anayefanyiwa utafiti wakaweka neno lenye maana ya mshiriki. Kwa Kiingereza hayo yanaweza kuwa mabadiliko ya msamiati tu. Kwa Kiswahili ni jambo kubwa, maana sisi tunashiriki Meza ya Bwana na tunasadiki ushirika wa watakatifu. Aliyeshiriki karamu amekula. Mtu aliyebeba sahani kutoka jikoni hadi mlangoni, akafungiwa nje, hajashiriki, hata kama jina lake limo kwenye orodha ya waliohudumu.

Kabla hatujawanyooshea watafiti vidole, na sisi tujitazame. Kila mwaka viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo hujaziwa mikononi fomu za takwimu: waliobatizwa, wasiofunga ndoa, watoto wa Komunyo ya kwanza. Wanazunguka nyumba kwa nyumba jioni baada ya kazi, wanalipa nauli kuzileta parokiani, wanakoromewa zikichelewa. Ni wangapi kati yao wamewahi kurudishiwa jumla ya jumuiya yao na kuulizwa, "Mnaona nini hapa?" Mimi mwenyewe nimebeba fomu hizo. Sikuwahi kurudi.

Begi jingine linakuja. Paroko wa kule ameniandikia kwamba kikundi kipya kimeomba kupitia parokiani, safari hii kwa utafiti wa moshi wa jikoni, na kila mama atavaa kifaa kifuani kwa siku mbili. Aliniuliza maoni yangu, labda kwa kunitania, kwa kuwa habari za mbuzi zilikwishamfikia. Nimemjibu kwamba kabla ya tangazo lolote kusomwa altareni, kifaa kifunguliwe siku ya jumuiya, mbele ya akina mama, na mtafiti akivae mwenyewe siku mbili akipika kwenye jiko la mafiga. Nimemwomba pia aulize kwa maandishi nani anachaji, na majibu ya kila jiko yatamfikia mwenye jiko lini, kwa tarehe. Kama hawana tarehe, tusiwasomee tangazo.

Amekubali jambo la kwanza. La tarehe amesema atalizungumza nao, kwa kuwa wageni wasije wakaona tunawafukuza. Kuhusu wa kukijaribu kwanza tulikuwa na jina moja tu kichwani. Katekista alipompelekea habari, mama yule alisema hana neno, ila amwambie Frateri kwamba bado anangoja habari za maji.